Mhandisi wa Ghorofa ya Tatu

Jirani yangu hapa Mtaa wa Msimbazi ni mhandisi anayegonganisha bajaji kwenye kompyuta ili ajue abiria ataumia wapi. Kila mara kabla ya kubonyeza kitufe humnong'oneza yule abiria wa kuchorwa, "Samahani, mama," kisha huandika vipimo kwa herufi ndogo kama punje za ulezi. Juzi aligundua kuwa bomba la chuma nyuma ya kiti cha dereva ndilo linalovunja mbavu. Alishuka mbio na kandambili hadi kijiwe cha bajaji, akamwomba dereva Uwesu amruhusu alifunge la bajaji yake kwa sponji.

"Kwani nimepata ajali, dada?"

"Mara mia mbili tangu asubuhi."

Uwesu alicheka, kisha akamwona mhandisi ameshapiga magoti nyuma ya kiti chake, akilipima lile bomba kwa vidole, akazima injini.