Hakuna Kopo la Jambo Hilo

Kila alfajiri nyumba yetu ya Garissa ilinuka moshi. Hooyo, ndivyo sisi Wasomali tunavyomwita mama, alikuwa akitia vijinga vya moto ndani ya madumu matupu, akiyatikisa, akiyafunika, kisha akiyafunua moshi ukimpiga usoni, ili maziwa ya ngamia atakayoyauza sokoni yasichachuke kabla ya adhuhuri. Moshi ule uliingia kwenye nywele zetu, kwenye sare za shule, hata kwenye madaftari. Mwalimu wetu wa hesabu aliwahi kulinusa daftari langu mbele ya darasa zima na kuuliza kama nalipika au naandika ndani yake. Nilimnunia wiki nzima. Sikuwa mtoto mpole, na wanaonijua watakwambia sijawa mtu mzima mpole.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nane, na mvua zilikuwa zimetukwepa kwa msimu wa pili. Ngamia walikonda, maziwa yakapungua, na sisi tukawa na deni la kodi la miezi minne. Mwenye nyumba alikuwa mzee mtaratibu. Alikuja siku moja, akakataa hata chai, akasema anatupa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame; deni lisipolipwa lote, vyumba vyake vitatu atawapa watu wengine. Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliotutia hofu, kwa sababu mtu anayefoka huwa bado anabembelezeka. Tukifukuzwa tungehamia Balambala kwa shangazi yangu. Wadogo zangu watatu wangepata chuo cha Kurani na maisha yao yangeendelea, lakini mimi nisingefanya mtihani. Shangazi alikuwa amekwisha kutuma salamu kwamba mbuzi wake waliobaki wanahitaji msichana wa kuwachunga. Nilizipokea salamu hizo kama hukumu, na kuanzia siku ile nikawa nahesabu siku za mwezi kuliko kadhi.

Si kwamba baba hakuwa na kazi. Alikuwa mhudumu katika ofisi moja ya serikali, akibeba mafaili na kuchemsha chai, na mshahara wake ulikuja kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Tatizo ni kwamba haukufika nyumbani. Kwetu kuna qaaraan, mchango wa ukoo: mtu akigongwa na gari, akiugua, akifiwa na mifugo yote, akioa hana kitu, wazee huketi, huandika majina, na kila mwanamume hutoa. Baba alikuwa hajui kusema sina. Leo mia tano, kesho elfu moja, na bandubandu huisha gogo. Hooyo alikuwa akisema kwamba pesa iliyo kwenye simu ya baba ni pesa ya ukoo, na sisi ni wageni wake tu. Alilisema hilo mbele yake, huku akimmiminia chai, na baba alicheka mara za mwanzo.

Siku chache baada ya mwenye nyumba kuja, hooyo alimwambia baba kwamba mshahara unaofuata autoe wote, noti kwa noti, auweke mkononi mwake. Sijui walisemezana nini chumbani, ila baba alitoka amejifunga shuka vibaya. Hooyo akaniita. Alikuwa amepanga sakafuni makopo manane ya maziwa ya unga, yameoshwa, yamekaushwa juani. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika vikaratasi na kuvibandika kwa uji wa ngano: Kodi, Chakula, Maji, Shule, Dawa, Mtaji wa maziwa, Mavazi ya Idi, na la nane Akiba, maana akiba haiozi. Makopo yaliwekwa ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Ufunguo ulitungwa uzi ukavikwa shingoni mwangu, kwa sababu, alisema hooyo, baba ana huruma na yeye mwenyewe ana hasira, na vyote viwili humaliza pesa.

Wallahi, nyumba ilibadilika. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri tulifungua sanduku, nikahesabu kwa sauti na kuandika kwenye daftari, hooyo akisikiliza huku amefumba macho, na ole wangu nikikosea, kwa sababu yule mwanamke asiyejua kusoma alikuwa na kila shilingi kichwani. Kopo la chakula likiisha Jumanne, basi Jumatano tulikula mkate wetu wa anjera na chai kavu, na hakuna aliyethubutu kutazama kopo la pili yake. Mdogo wangu alilia akitaka viatu akaambiwa kopo la Idi halijajaa, alie polepole. Baba aliomba pesa ya mswaki wa mti, akaandikiwa. Tulikuwa tunaongea kwa kunong'ona siku za hesabu, kama watu waliofiwa. Lakini kopo la kodi lilikuwa linapanda. Nilikuwa nalipima uzito kwa mkono kabla ya kulihesabu, na siku lilipoanza kuwa zito nilihisi kitu nisichoweza kukiita ila mapenzi. Nililipenda kopo lile. Lilikuwa ndilo mtihani wangu.

Baba ndiye aliyeliona pengo tangu siku ya kwanza. Aliyasoma makopo moja baada ya jingine, akauliza la ndugu liko wapi. Hooyo akamjibu kwamba kila kopo lina mwezi wake na kiasi chake, lakini qaaraan haina mwezi wala kiasi, na kisicho na mwezi hakipewi kopo. Baba akasema meno hukata yakiwa pamoja. Hooyo akasema pamoja na meno kuna tumbo. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Kuanzia hapo, kila walipokuja watu wa mchango, hooyo aliwakaribisha, akawapa maji, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima kwamba mwezi huu hakuna kopo la jambo hilo. Baba alikuwa akitazama miguu yake. Alianza kuswali nyumbani badala ya msikitini, akisingizia goti.

Ilibaki wiki moja na siku mbili Ramadhani iandame. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali, wadogo zangu wamelala, baba amesafiri kikazi mpaka jioni, na mimi nafanya hesabu za sehemu kizingitini. Akaingia Adeer Yusuf. Adeer ni ndugu wa baba. Huyu alikuwa kaka yake mkubwa, mtu mrefu anayeinama mlangoni, na aliyenifundisha kusoma saa. Mwanawe Hassan ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu iliyotuletea maziwa kutoka njia ya Modogashe, kijana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, aliyependa kupiga honi mbele ya nyumba yetu ili tu hooyo amtukane. Adeer hakukaa. Alisema pikapu imepinduka tangu asubuhi, Hassan yuko hospitali, mguu umesagika, na madaktari wanataka apelekwe Nairobi leo hii, si kesho. Gari limepatikana, lakini mwenye gari anataka pesa mkononi, na zilizochangwa mpaka sasa hazifiki. Akaniuliza hooyo yuko wapi.

Hooyo alikuwa sokoni, upande wa maziwa, kwenye kigoda chake cha siku zote. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, kwa mtoto anayekimbia ni saba. Nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu. Nikamwambia adeer kwamba sijui, huenda ameenda kudai madeni mitaani. Akaniuliza kama kuna chochote ndani. Nikamtazama usoni, na kwa sauti ya hooyo, na kwa adabu yake yote, nikasema, "Adeer, hakuna kopo la jambo hilo."

Hakufoka. Macho yake yalishuka mpaka kifuani mwangu, pale ufunguo ulipokuwa unaning'inia nje ya dera, yakakaa pale kidogo, kisha yakarudi usoni mwangu. Alinishika kichwa, akasema, "Soma, mwanangu," akatoka. Nilimsikia akianza kukimbia, mzee yule, viatu vyake vya ngozi vikipiga mchanga. Nami nikarudi kwenye hesabu za sehemu, na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba nilizipata zote.

Hooyo aliporudi nilimwambia kwamba Hassan ameumia na adeer alikuja, na nilimjibuje. Sikumwambia kwamba nilisema sijui alipo. Alikaa chini na madumu yake. Aliniambia sikukosea, maneno yale ni yake, mimi niliyarudia tu. Lakini hakula jioni ile, na nilipomletea maji aliyashika tu bila kuyanywa. Baba alirudi, akasikia. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimpandishia hooyo sauti. Alisema mtoto wa kaka yake anavuja damu na mkewe anahesabu makopo. Hooyo akainuka, akaniomba ufunguo. Wakatoka wote wawili kwenda hospitali, wamebeba makopo mawili, la chakula na la mtaji. La kodi hooyo alilishika, akalirudisha. Nadhani aliniona nikimtazama.

Gari liliondoka alfajiri ya siku ya pili, baada ya pesa kutimia. Nairobi walimkata Hassan mguu wa kulia chini ya goti. Daktari alisema jeraha lilikuwa baya tangu mwanzo, lilikuwa na uchafu mwingi, na safari yake mpaka mjini ilikuwa ndefu. Hakuna aliyetaja usiku ule mmoja. Mimi niliutaja, kimoyomoyo, kila siku. Mwezi ulipoandama kodi ilikuwa imelipwa yote, na mwenye nyumba alitutumia tende. Tulifunga Ramadhani nzima kwa futari ya uji na maharage kwa sababu mtaji ulikuwa umekwenda. Hooyo alileta kopo la tisa, akaniambia niandike Watu. Nikamuuliza tuweke kiasi gani kila wiki. Akasema tuanze nalo kabla ya yote, kiasi kitajulikana. Mtihani niliufanya, nikafaulu vizuri, nikaitwa shule ya bweni, na Adeer Yusuf ndiye aliyenibebea sanduku mpaka kwenye basi. Hakuwahi kuniuliza lolote mpaka alipofariki. Miaka yote ile nilikuwa namkimbia macho, naye hakunifukuza.

Sasa nafundisha masomo ya biashara hapa hapa Garissa. Bajeti yangu iko kwenye simu, na simu hunionya nikizidisha hata pesa ya sukari. Qaaraan nayo imehamia kwenye simu: jina la mgonjwa, namba ya kutuma, orodha ya waliotoa inayokua mbele ya macho ya ukoo mzima. Yote ni rahisi. Hakuna mzee anayekimbia juani, hakuna anayekusimamia mlangoni akuone usoni unapokataa. Unanyamaza tu, na kunyamaza hakuna sauti. Mara nyingine namwona mwanafunzi wangu akipanga hesabu zake bila huruma, safi kabisa, nami natamani kumwambia kitu nisijue nianzie wapi. Wanawake wa sokoni huniita niwafundishe kupanga matumizi, nami huwafundisha, na mbinu za hooyo zinafanya kazi, sitadanganya. Zilinitoa kwenye kundi la mbuzi. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, lakini wangu nilimzaa nikiwa na miaka kumi na minne.

Mwezi uliopita Hassan alinipigia. Ana kibanda cha kuuza chaja na kutengeneza simu, ana mke na watoto wanne, na pesa zinamponyoka asijue zinakokwenda. Akataka nimfundishe. Nilikwenda na daftari, tukakaa nyuma ya kibanda, mguu wake wa bandia ameuvua na kuuegemeza ukutani kwa ajili ya joto. Tuliandika kodi, chakula, ada, bidhaa. Kisha akaniambia niandike qaaraan juu kabisa, kabla ya kodi. Nikamwambia kama mwalimu kwamba biashara yake haiwezi kubeba hilo, aanze na mahitaji ya nyumba. Akatikisa kichwa, akicheka.

"Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki," alisema. "Siku nilipoumia baba yangu alizunguka mji mzima. Aliniambia mwenyewe, alibisha kila mlango, na watu hawakuwa na kitu kwa sababu ya ukame. Hata kwenu. Hawakunikatalia, dada. Hawakuwa nacho. Sitaki mtu aje kwangu akute sina."

Miaka yote ile, basi, mzee alikuwa amenifichia siri hata kwa mwanawe mwenyewe. Ningeweza kuinamisha kichwa na kuandika. Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

"Kwetu pesa zilikuwepo," nikamwambia. "Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, na hooyo nilijua alipo."

Hassan aliacha kucheka. Akaniuliza zilikuwa kiasi gani. Nikamtajia: elfu kumi na moja, mia tatu na hamsini.