Ziwa Lilipopanda Kagoma

Kazi ya kutangaza saa ya kuanika kahawa nilipaswa kuikataa. Niliikubali mbele ya kijiji kizima cha Kagoma, kwa kuitikia kwa kichwa tu, na hakuna mtu aliyenilazimisha.

Zilikuwa siku za ujamaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa huku Muleba kufundisha elimu ya watu wazima. Kahawa ya kijiji ilianikwa kwenye uwanja mmoja, kila kaya na jamvi lake. Kando ya uwanja aliishi mama mmoja mjane ambaye, bila kupangiwa na yeyote, alikuwa akiangalia anga na kupiga debe tupu akiona mvua inakuja. Ukisikia lile debe unaacha ndizi jikoni, unakimbia kukunja jamvi. Mama huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa kusoma na kuandika. Nami nilikuwa nimempenda binti yake. Shangazi yangu alikwisha kwenda kwao mara moja na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, akapokewa vizuri.

Kwenye mkutano mwenyekiti akasema shamba la pamoja liko bondeni na kila mtu anatakiwa huko, hata mama wa debe.

"Debe halikusoma," akasema. "Mwalimu amesoma. Atutangazie yeye saa ya kuanika na saa ya kuanua, sisi twende shambani na amani."

Nikaitikia kwa kichwa, nikasimama na chaki. Nilichora ubaoni mstari wenye meno, kama ulivyokuwa kwenye kitabu chetu cha jiografia, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi.

"Mwalimu," akauliza mzee mmoja, "huo msumeno ni wa kukata mvua au wa kutukata sisi?"

Watu wakacheka, nikacheka nao, lakini sikukaa chini. Nikawaeleza kwamba hewa si kitu kimoja. Lipo fungu la hewa linalokaa juu ya maji mpaka likapoa na kujaa unyevu, na lipo linalokaa juu ya nchi kavu likapata joto na wepesi. Yakikutana hayachanganyiki upesi. Lile zito hujipenyeza chini kama kabari, lile jepesi husukumwa juu, huko linapoa na mvuke wake unageuka mawingu. Mpaka wao ndio huo mstari wenye meno. Yote hayo yalikuwa kweli. Kosa langu lilikuwa saa.

Nilikulia Kashai, mjini Bukoba, karibu na maji. Pale, usiku nchi inapoa kuliko ziwa, hewa yake inateremka ziwani na kukutana na upepo wa mashariki, na mvua inayopikwa huko inaletwa pwani alfajiri. Utotoni niliamshwa na radi, nikaenda shule kwenye matope, na ikifika saa nne jua linawaka kama halijui kilichotokea. Basi nikatangaza kwa sauti: anikeni saa nne, anueni saa kumi na moja, katikati msiwe na wasiwasi.

Mama mjane akanyoosha mkono. "Mwalimu, huku kwetu juu ziwa hupanda mchana."

"Mama," nikamjibu kwa tabasamu la msomi, "ziwa halina miguu. Umelipigia debe miaka mingi, sasa upumzike."

Mkutano mzima ulicheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo. Binti yake hakucheka. Nilimwona, nikadhani jua linamchoma macho.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu kiangazi kilikuwa bado hakijaisha. Watu wakaanza kuniita Bwana Hewa na kunipa kahawa ya kutafuna kila nilikopita. Nilinenepa kwa sifa.

Kisha ikaja siku ya mavuno ya mwisho. Kahawa ya mama mjane ilikuwa juani yote, na kila mtu alijua ndiyo ingemwezekea mabati, maana nyasi za nyumba yake zilikuwa zikivuja mpaka kitandani. Tulikuwa bondeni, kama saa saba hivi, alipoacha jembe na kushika shingo yake.

"Upepo umegeuka," akasema. "Huu una harufu ya dagaa. Ziwa linapanda."

Nikatazama juu, nikaona buluu. Nikatazama saa yangu ya mkono.

"Tumalize matuta haya kwanza, mama."

Tulimaliza matuta mawili. Ndipo nilipoona majani ya migomba upande wa mashariki yanageuza matumbo yake meupe, shamba kwa shamba, yakipanda mteremko kuelekea kwetu. Hewa ya ziwa ilikuwa inatembea chini ya hewa yetu ya joto, na juu ya mpaka wao wingu jeusi lilikuwa limekwisha simama. Ulikuwa ule ule mstari wa kitabuni, safari hii umechorwa kwa migomba.

Tulikimbia mlimani kijiji kizima. Mvua ilitupita njiani.

"Mwalimu," yule mzee akaniambia huku akihema, "msumeno wako umefika."

Kahawa ilikuwa inateremka njiani pamoja na maji. Mwenyekiti aliikinga kwa kofia. Wanawake wawili waligombania punje huku wakicheka, mmoja akidai zake zinajua kuogelea. Majamvi mengi tuliyaokoa. La mama mjane lilikuwa upande wa chini, maji yalikopita, na kilichobaki juu yake kiliota ukungu, kikakataliwa ghalani.

Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa ndizi za kuchoma.

"Mibuni itazaa tena," akasema. "Njoo usimame hapa, uligeuzie ziwa kisogo. Baridi ikigusa shingo kabla ya majani kutikisika, una muda wa kukunja jamvi."

Binti yake akanisindikiza mpaka barabarani.

"Kahawa si kitu," akaniambia. "Ila mama alisema mara mbili, na mara mbili ukamnyamazisha mbele ya watu. Nikiwa mkeo, nikikuambia jambo, utatazama saa."

"Nitabadilika."

"Badilika. Lakini si kwangu."

Nilibadilika kweli. Mama mjane alikaa chini ya nyasi msimu mmoja zaidi, kisha akapata mabati yake. Uzee ulipomshika mimi ndiye niliyepiga debe, na nilikosea mara chache, watu wakanicheka kwa upendo. Binti aliolewa Izimbya mwaka uliofuata, na mumewe, nasikia, ni mtu msikivu.

Kazi ile niliyoikubali kwa kuitikia kwa kichwa ilininyima mwanamke niliyempenda. Sikuoa mwingine.