Soksi Nyeupe za Sensei

Dada yangu unayenisoma, wewe ninakuamini, kwa hivyo keti nikuambie aibu yangu mwenyewe kabla hujaisikia sokoni Ikonge imeongezwa chumvi, maana huko wanasema nilimwangusha mgeni kwenye mavi ya ng'ombe, na huo ni uongo (alipiga magoti mwenyewe).

Ilikuwa hivi. Misheni ilipata mwalimu Mjapani, mama mmoja mtu wa Sabato kama sisi, jina lake Haruko, watoto wakamwita Sensei, ndiyo mwalimu kwa lugha yao. Akawa anawafundisha wachache Kijapani baada ya masomo, wanachora migomba na nyumba zetu, picha zinaenda shule ya kwao na za huko zinakuja. Kemunto wangu akaipenda hiyo lugha mpaka akawa anawasalimia kuku nayo. Halafu tukasikia mtoto mmoja, mmoja tu, atachaguliwa aende Japani mwaka mzima, akae na familia ya waumini na kusoma na watoto wao, na kabla ya kuchagua, Sensei atatembelea kila nyumba. Mimi niliyejua kusoma nikiwa mtu mzima, masomo ya jioni, nafuata herufi na kidole huku mtoto analia mgongoni, niliomba mpaka magoti yakauma.

Zamu yetu ikawa Jumapili asubuhi. Sakafu nilipaka Ijumaa kabla jua halijatua, maana Sabato hatufanyi kazi, na unajua sakafu zetu ni udongo unapakwa mavi ya ng'ombe mabichi, yakikauka hapo ni safi hata unaweza kula. Lakini Sabato waumini walikuja kuomba kwetu na matope yao ya mvua wakaikanyaga yote. Jumapili nikaamka nikaiangalia nikasema hapana, Sensei hataona hii. Nikapaka upya. Hilo tu, dada yangu. Ndilo kosa lote.

Kumbe ukungu! Jua likakataa kutoka. Kemunto akasimama mlangoni.

"Mama, haitakauka. Na Sensei, kwao..."

"Kwao ni kwao. Mimi nimepokea wageni kabla hujazaliwa. Lete ndizi."

"Lakini Mama, viatu..."

"Ndiyo, ana viatu! Kwa hivyo hatachafuka." Nikatandika majani ya migomba kutoka mlangoni mpaka kwa kiti, nikajiona nina akili (Suleimani mwenyewe angekuja kuniomba shauri).

Wakafika, Sensei na hedimasta wa shule, mtu wa kuvaa tai, na nyuma yao jirani yangu Bosibori ambaye hakuna mtu alimwita. Sensei akaona sakafu inang'aa vile, akainama, akafungua kamba za viatu. Kwao mtu haingii nyumbani na viatu, ndilo mtoto alikuwa anataka kuniambia. Na majani yangu akaona ni pambo, kwa heshima akayapita kando. Na soksi nyeupe, nyeupe kama maziwa. Fwaa! Zikazama kwenye mavi mabichi.

Hedimasta kuona hivyo naye akavua, asionekane hana adabu, na kidole gumba kikatoka kwenye soksi kutusalimia. "Mama Kemunto," akaniambia polepole, "hii sakafu ni ya leo?"

Nikakimbia nimshike Sensei nimtoe, nikateleza, nikaenda chini magoti na mikono mbele yake, na yeye, Mungu ambariki, akadhani hiyo ndiyo salamu ya Wakisii! Akapiga magoti pia, akaweka viganja chini, akainama mpaka nywele karibu ziguse. Tukaangaliana hapo chini kama mbuzi wawili wanaotaka kupigana.

"Uui!" Bosibori akasema. "Leo hata mgeni amepewa kazi ya kupaka!"

Nikaanza kulia. Nilijua nimemnyima mtoto wangu Japani kwa mikono yangu hii. Kemunto alikuwa na hotuba ya Kijapani ya kumkaribisha Sensei, aliyokariri majuma mazima, lakini hakuitoa. Akaingia miguu mitupu, akapiga magoti kati yetu. "Sensei, gomen nasai," akasema, yaani tusamehe, halafu akaendelea na Kijapani cha kubahatisha, akikosa neno anaonyesha na mikono: ng'ombe (akajiwekea pembe), mvua, mama anapaka, jua hapana. Sensei akasikiliza yote. Akanusa kiganja. Akacheka, kucheka kabisa, mpaka hedimasta akashikilia tai yake.

Nikaleta maji ya moto, nikamvua soksi nikamwosha miguu kama tunavyooshana kanisani kabla ya meza ya Bwana. Kumaliza, akaninyang'anya kitambaa, akaniketisha, akaniosha yangu, hii miguu ya shamba yenye nyufa. Hata Bosibori akatushikia beseni.

Kemunto alichaguliwa. Sensei alimwambia hedimasta kwamba nyumba zingine mtoto alimsomea hotuba, kwangu mtoto aliongea naye. Zile soksi nilizichemsha, zikabaki rangi ya chai, na alizivaa hivyo hivyo kanisani.

Sasa nimeapa: siku ya mgeni sipaki sakafu, na mtoto akisema "Lakini Mama," nanyamaza kwanza. Ila tangu Kemunto aende, nyumba iko kimya, hakuna wa kuniambia lakini.

Basi dada, hii habari mpe mama yeyote anayengoja mgeni, awe kule Nyakoe, awe wapi. Kidole cha hedimasta tu ndicho ukiache hapa kati yetu.