Ulikuja Wakati wa Viazi

Kila mwisho wa Septemba, shule za bonde lile la kaskazini mwa Maine, Marekani, zilifungwa majuma matatu ili watoto waende kuokota viazi. Odile Cyr alikuwa na miaka tisa, na kaka yake Léonce kumi na mmoja, katika msimu ambao hakuusahau maisha yake yote. Walishika kikapu kimoja na kujaza pipa moja, naye Léonce akimtania kwamba anaokota kama kuku mgonjwa. Theluji ilipoanguka, wazazi wao walikuwa wameachana. Hakimu aliwagawa: Léonce aende Connecticut, jimbo la mbali kusini, na baba, aliyepata kazi ya kiwandani, Odile abaki na mama. Hakuna aliyewauliza neno. Barua zilikuja kwa miaka miwili, kisha zikakoma.

Odile alifundisha shule hadi nywele zikawa nyeupe. Alipostaafu akajifunza kazi ya mlezi wa mahakama, yaani mtu anayeteuliwa na hakimu, wazazi wanapogombania watoto, azitembelee nyumba zote mbili, awasikilize watoto wenyewe, kisha aandike linalowafaa.

Kesi yake ya tisa ilikuwa ya Aurore, binti wa miaka kumi, na mdogo wake Rémi, wa miaka sita. Wazazi walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba kila mmoja achukue mtoto mmoja: Rémi kwa baba shambani, Aurore kwa mama mjini. Odile alikwenda kuwaona mwanzoni mwa Oktoba. Aliwakuta wote shambani, hata mama mwenyewe, vumbi hadi kwenye nyusi, wakila chapati za siagi nyuma ya trekta na kucheka. Akaandika kwamba watoto hukutana kila siku na hawana shida, mpango wa wazazi ukubaliwe.

Novemba alipita kwa mama yao mjini kuchukua saini iliyosahaulika. Aurore alikuwa mezani, mbele yake sahani mbili, moja tupu, aliyomwekea Rémi. Odile akamwuliza mbona siku ile shambani hakusema kwamba anamkosa mdogo wake.

"Bibi, ulikuja wakati wa viazi," alisema mtoto. "Wakati wa viazi kila mtu yupo."

Odile alirudi garini, akaifungua tena ripoti yake. Yeye, mzaliwa wa bonde lile, aliyejua jinsi mavuno yanavyoziba kila ufa wa nyumba, alikuwa ameipima familia kwa majuma yale matatu. Akaandika upya, akimwomba hakimu asiwatenganishe.

Mahakamani, wakili wa baba, ambaye Odile ndiye aliyemfundisha kusoma, alisimama kwa adabu.

"Mwalimu, uniwie radhi. Hii ni kesi ya watoto hawa, au ya kaka yako?"

Watu wakainamisha vichwa, maana habari za Léonce zilijulikana.

"Ya kaka yangu nimeibeba mwenyewe miaka hamsini na minane, mwanangu. Hawa nimewauliza. Rémi hulala ameshika soksi ya dada yake. Lipinge hilo, kama waweza."

Hakimu aliamuru watoto wakae pamoja: kwa mama wakati wa shule, kwa baba wakati wa kiangazi na viazi. Siku hiyo kazi ya Odile ikaisha, na pamoja nayo ruhusa ya kuwatembelea. Oktoba iliyofuata alipita kando ya shamba polepole, akaona vichwa viwili vimeinama juu ya pipa moja. Hakusimama.

Juma lililofuata alirudisha majalada kwa karani, akapanda basi la asubuhi la kwenda Connecticut, kikapu cha zamani mapajani, ndani yake bahasha ya barua ya mwisho ya Léonce, yenye anwani yake.