Siku Kumi za Kudai Malipo ya Bafu

Wakati wa lokdauni nilikuwa mwanasheria. Haya, si mwanasheria hasa. Nilikuwa nimemaliza kozi ya jioni ya mikataba ya ujenzi, yote kwenye kompyuta, na cheti nikakitundika sebuleni kwetu Toongabbie, hapa Sydney, kikubwa kiasi kwamba marubani wangekisoma kutoka angani, kama ndege zingekuwa zinaruka.

Mteja wangu wa kwanza na wa mwisho alikuwa shemeji, kaka wa mke wangu, Mrundi, fundi vigae wa Bankstown. Alimaliza bafu la watu, kontrakta akagoma kumlipa, tena kwa barua.

"Shemeji, tuizuie ile nyumba mpaka nilipwe," akaniambia kwa simu.

"Hapa fundi haizuii nyumba kirahisi hivyo. Tunapeleka ombi kwa mwamuzi wa madai ya malipo ndani ya siku kumi za kazi tangu upate barua yake. Zikipita, mlango umefungwa. Nitumie mkataba leo."

"Leo haiwezekani. Ana korona."

"Nani, mke wako?"

"Kontrakta! Utamshtakije mgonjwa hujamjulia hali?"

Akamtumia meseji ya pole. Siku ya tatu akauliza habari za mama yake. Siku ya tano za watoto, mmoja mmoja. Siku ya saba akamwachia supu ya kuku mlangoni. Mimi huku nilikuwa nimepungua kilo arobaini kwa wasiwasi.

Siku ya kumi, Ijumaa, saa kumi jioni, saa moja kabla ya mlango kufungwa, mkataba ukafika. Fomu ilitaka na picha za kazi. Akanitumia picha ya sufuria.

"Hiyo ni ushahidi kwamba sina ubaya naye."

"Shemeji, mwamuzi anataka vigae!"

"Vigae nakutumia. Lakini bila supu, siweki sahihi."

Nikaiambatisha supu. Nikabonyeza. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mvi zikaniota nikikitazama. Saa kumi na moja kasoro dakika tatu likaja jibu: ombi limepokelewa ndani ya muda. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akadhani mipaka ya nchi imefunguliwa.

"Imeingia?" shemeji akauliza.

"Imeingia!"

"Mungu mkubwa. Basi kata simu."

"Una haraka ya nini?"

"Nataka kumpigia. Nimemshtaki mtu, halafu asikie kwa wengine?"