Kigumu Kuliko Chuma

Ukifika Shighatini, huku Ugweno milimani, ukauliza kwa Mzee Eliamini mhunzi, hutaonyeshwa njia kwanza. Utaelezwa habari za binti yake. Ndivyo mzee huyu alivyotuzoesha. Msimu mzima wa mvua hapakuwa na harusi wala msiba ambao hakusimama akasema, "Mwanangu Justa amepima kitu kigumu kuliko chuma." Na hasemi chinichini, la hasha! Anaongea kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo.

Justa mwenyewe hana makuu. Ukimkuta njiani atakuamkia, atauliza habari za wagonjwa wako mmoja mmoja, kisha atashika njia yake. Alikulia penye kiwanda cha baba yake, anavuta mivukuto huku kaka zake wakitafuta visingizio vya kwenda kucheza mpira. Alikuwa mtoto wa maswali. Mbona jembe hili limepinda na lile halikupinda, na makaa ni yaleyale? Eliamini alikuwa akimjibu, "Kwa sababu nimesema," halafu anageuka pembeni kuficha tabasamu. Maswali hayo ndiyo yaliyompandisha sekondari, yakamfikisha chuo kusomea fizikia, na leo yanamlisha katika maabara moja kule Arusha. Kazi yake ni kupima, basi.

Kupima nini? Hapo ndipo watu wa Ugweno walipochoka. Mama yake, Anaeli, alimuuliza siku moja wakichambua maharage.

"Mirija ya kaboni, mama."

"Mikubwa kiasi gani?"

Justa akanyoosha mkono, akachomoa unywele mmoja wa mvi kichwani kwa mama yake. "Hiyo mirija uipange maelfu, ubavu kwa ubavu, ndipo upate unene wa huu."

Mama Justa akautazama unywele, akamtazama binti yake. "Na wanakulipa?"

Baba yake, aliyekuwa akiwasikiliza, hakucheka. Alitaka kujua kitu kidogo vile kinapimwaje ugumu, na nani anakishika. Justa akamweleza kwamba mrija mmoja unasimamishwa kwenye ncha ya sindano, ndani ya hadubini kubwa inayotumia elektroni badala ya mwanga. Unatikiswa kwa umeme, polepole, kisha kasi inaongezwa, mpaka ifike ile kasi ambayo mrija unacheza kuliko kawaida. Ukishaijua kasi hiyo, na urefu wa mrija, na unene wake, unapiga hesabu ya ugumu.

"Kumbe mnagonga na kusikiliza!" Eliamini akapiga paja. "Si ndivyo ninavyolipima jembe?"

"Ndivyo, baba. Ila sisi hatusikii, tunatazama."

Basi tangu siku ile mzee akaiona kazi ya Arusha kuwa ni tawi la kiwanda chake.

Mirija yenyewe ilioteshwa palepale maabara kutokana na mafuta ya mbono. Ndiyo, mbono huuhuu tunaoupanda kuwa ua wa nyumba na ambao hata mbuzi hautaki. Mirija ya namna hii inayotoka nchi zenye mitambo mikubwa inajulikana kwa ugumu wake, lakini ya mbono hakuna aliyeitegemea sana. Justa akapima, akapata jibu lililozidi chuma. Halikuzidi sana, lakini lilizidi. Mkuu wake, Dakta Naserian, mzaliwa wa tambarare za Same na mtu asiyesifu ovyo, alimshika mkono akasema ripoti itasomwa Dodoma mbele ya wataalamu, na jina la Justa litatangulia. Justa naye, kwa furaha, akampigia baba yake simu. Hilo ndilo kosa. Siri ya furaha humpi mhunzi wa Ugweno!

Mzee hakutulia. Baada ya kujisifu msimu mzima huku milimani, alishuka mpaka Mwanga mjini kwa Swalehe, muuza majembe ya viwanda vikubwa, mtani wake wa siku nyingi. Swalehe anasema majembe ya Eliamini ni mazuri kwa kutundikwa ukutani. Eliamini anasema ya Swalehe ni mazuri kwa kuchimba uji. Siku hiyo Eliamini alimtangazia dukani, mbele ya wateja, kwamba ukoo wake umeshavuka chuma. "Nyie endeleeni na mabati yenu." Kisha akamwalika Jumamosi kwenye ibada ya shukrani nyumbani kwake, aje ajionee.

Sasa sikia. Alhamisi ya wiki hiyo Justa alikuwa anajiandaa kupima mirija mipya. Kabla ya kuanza aliweka ndani ya hadubini kipande kidogo chenye mistari ambayo umbali wake unajulikana, ili ahakikishe hadubini inaonyesha urefu wa kweli. Haikuonyesha. Ilikuwa inakuza kila kitu kupita kiasi. Hadubini ile ilifanyiwa matengenezo kabla ya vile vipimo vyake vya sifa, na baada ya matengenezo hakuikagua. Alipima mirija kwa uangalifu wote, lakini kipimo chenyewe hakukipima. Mtu anaweza kupima mahindi kwa roho safi, akayafuta juu vizuri, kumbe debe limebonyea kitako.

Akarudia hesabu kwa urefu sahihi. Jibu likashuka, likapita kwenye chuma, likakaa chini yake. Chini kidogo tu, lakini chini.

Ripoti ilikuwa bado haijasomwa. Mirija haifanani, mmoja hutoka mgumu na mwingine laini, na tofauti ile ingepita bila mtu kushtuka. Nyumbani mbuzi wa ibada ya Jumamosi alikuwa ameshanunuliwa. Akilini akamwona baba yake amesimama mbele ya Swalehe, na machozi yakamtoka.

Akayafuta, akaenda kwa Dakta Naserian, akasema yote.

Dakta akasema, "Ripoti tutaiondoa leo, tupime upya. Ahsante kwa kuniambia. Sasa nenda kwenu ukamwambie mzee."

"Huyo ndiye ninayemwogopa," Justa akasema.

Jumamosi alipanda kutoka Mwanga kwa bodaboda, kona baada ya kona, baridi ya milimani ikimpiga usoni, na kila kona akitamani pikipiki iharibike. Haikuharibika. Nyumbani akakuta turubai, moshi wa nyama, sufuria za makande, mchungaji na karatasi yake ya sala mkononi, na Swalehe amevaa kofia mpya ameketi mbele kabisa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu! Wageni, huyu hapa!"

"Baba, nina neno."

"Utalisema mbele ya watu."

"Hapana, baba. Hili tulisemee kiwandani."

Mzee akamfuata nyuma ya nyumba. Moto wa kiwanda ulikuwa umezimwa kwa heshima ya shughuli. Justa hakuzunguka. Akasema hadubini ilikuwa na kasoro, hakuikagua, jibu halikuwa sahihi. "Si kigumu kuliko chuma, baba. Kimepungua kidogo."

Eliamini akaketi juu ya gogo kando ya fuawe anapofulia chuma. Nje Swalehe alisema kitu, watu wakaangua kicheko.

"Umenivua nguo, Justa."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Nani aligundua?"

"Mimi."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Ningenyamaza, pengine miaka ingepita. Lakini mtu angekuja kutumia kipimo changu kutengeneza kitu, akidhani hakitapinda."

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama chuma kikiwa motoni asijue kama kimeiva. Kisha akainuka, akakung'uta suruali. "Twende."

Justa alidhani wanakwenda kuahirisha shughuli. Baba yake akasimama katikati ya turubai, akamweka binti yake ubavuni.

"Ndugu zangu, nimewaambia uongo msimu mzima. Kile kitu hakizidi chuma."

Hata waliokuwa jikoni wakachungulia. Swalehe, ambaye nafasi kama hii aliisubiri maisha yake yote, akainuka akirekebisha kofia.

"Basi chuma kimeshinda, Eliamini!"

"Kimeshinda," Eliamini akajibu. "Na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba kimeshinda, ila binti yangu. Alikuwa na ushindi mkononi, akaukagua, akaurudisha mwenyewe. Wewe dukani kwako umeshawahi kurudisha nini?"

Watu wakalipuka. Swalehe mwenyewe alicheka mpaka akaketi, akapunga mkono kuonyesha amekubali yaishe.

Mchungaji akabaki amesimama, ameishika karatasi yake ya sala ambayo yote ilikuwa imeandikwa habari za mirija. Akamsogelea mzee, akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, "Sasa, Mzee Eliamini, tushukuru kwa ajili ya nini?"

Eliamini akamwangalia kana kwamba ameulizwa jua linachomoza upande gani.

"Mchungaji, mimi nilikualika umshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto," akasema. "Mtoto si huyu hapa?"

Mama Justa akapiga kigelegele, na Justa, mtu asiye na makuu, akalia mbele ya Ugweno nzima bila kujificha.