Picha ya Nne

Kwenye foleni ya wakala wa simu pale Ipagala, binti wa sekondari mbele yangu alikuwa akirekodi ujumbe wa sauti.

"Picha ya nne. Tumepanga mstari uwanjani, vumbi mpaka kwenye soksi. Mimi nimefumba macho, kama kawaida."

Wakala akamwita. Binti akanigeukia: "Shikamoo mama. Tangulia tu, zimebaki sita. Rafiki yangu amehamia Kongwa, haoni, na kundi la darasa linatuma picha bila maneno."

Jibu likaingia, sauti ya msichana: "Pale ninaposimamaga mimi, yupo nani?"

Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama vizuri.

"Hakuna mtu. Tumekuachia."

Mimi picha za rafiki yangu huzijibu kwa dole gumba, bila hata kuzifungua. Na macho ninayo.